Maua Ndani ya Gorfa

Karatasi ya sukari ndiyo iliyoniponza. Mwishoni mwa miaka ya sabini, ukienda dukani Isiolo, mwenye duka alikufungia sukari kwa karatasi yoyote aliyoipata: gazeti, daftari la mtoto wa shule, hata barua ya mtu. Siku hiyo nilimimina sukari kwenye mkebe, nikajikuta nimeshika picha ya rangi ya sebule ya Wazungu. Ukuta wa buluu hafifu. Pazia limefungwa katikati kwa utepe. Na juu ya kimeza kidogo, chombo chenye maua. Niliikodolea macho picha ile mpaka chai ikafurika motoni.

Niseme ukweli, nyumba yetu ilinikera. Nilikuwa na miezi saba tangu niolewe. Chumba cha mbele kilikuwa na kuta za udongo zilizoiva moshi, kitanda cha mama mkwe, masanduku mawili na gunia la mahindi nyuma ya mlango. Mimi ni mtoto wa mjini. Babu yangu aliletwa na Waingereza akiwa askari, vita vikaisha akabaki, na sisi wajukuu tulikula kwenye sahani za bati na kunywa kwenye gilasi. Kuhusu ng'ombe nilijua bei ya nyama, basi. Mume wangu ni Mborana, dereva wa lori la kupeleka mbuzi Nairobi. Mama yake alizeekea nyuma ya mifugo kule Merti, na ukame ulipoimaliza ndipo akaja mjini kukaa na mwanawe.

Nilimwogopa huyo mama. Hakunipiga wala kunitukana. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kulinitoa jasho. Kabla yangu alikuwepo mke mwingine, na huyo alirudishwa kwao na sanduku lake kichwani kwa ajili ya neno moja alilomjibu mama mkwe mbele ya wageni. Mume wangu hakufungua kinywa. Yule angalau alikuwa na kwao. Mama yangu mimi alishakufa, na baba alikuwa amehamia Nanyuki na mke mpya, ambaye siku ya harusi yangu aliniambia huku akitabasamu kwamba kitanda changu kimeshapata mtu. Nikifukuzwa, mimi ni wa barabarani.

Sasa jamani, mtu anayeogopa hivyo si angekaa kimya na karatasi yake? Lakini mama mkwe aliaga kwamba anaenda Merti kwa kaka yake, wiki moja, na mume wangu yuko safari. Nikabaki na nyumba peke yangu kwa mara ya kwanza. Wallahi niliona Mungu amenifungulia.

Nilinunua chokaa, nikachanganya na ile bluu ya kufulia nguo, nikapaka kuta kwa ufagio mpaka mabega yakakataa. Gunia la mahindi nikalisukumia jikoni. Leso yangu ya harusi nikaikata vipande viwili, ikawa pazia, nikaifunga katikati kwa utepe wa nywele. Siku ya tatu chumba kilikuwa kinacheka. Maua nilikuwa nayo, ya plastiki, mekundu, zawadi ya harusi kutoka kwa mke wa mwalimu. Kilichokosekana ni chombo.

Pale juu ya kitanda cha mama mkwe, kwenye msumari, ilining'inia gorfa yake. Ni chombo cha maziwa cha Waborana, kimesukwa kwa nyuzi za mizizi mpaka hakivuji tone, kina kifuniko, ukanda wa ngozi na kauri zilizoshonwa shingoni. Ilikuwa nyeusi kwa moshi. Kila Ijumaa niliona mama mkwe akiishusha, anatia kijinga cha moto ndani, anafunika, anatikisa, kisha anairudisha. Maziwa hayakuwamo. Maziwa yetu tulinunua kwa chupa ya soda kutoka kwa mwanamke aliyepita mlangoni. Nikadhani ni mazoea tu ya mzee.

Nikaichukua. Nilipopeleka pua, ikanuka moshi na mafuta yaliyochacha. Nikasema, masikini, haijaoshwa miaka mingapi hii! Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikasugua kwa mchanga na kitambaa ndani na nje. Maji yalitoka meusi mara nne. Ya tano yakatoka safi, na mimi nikafurahi kabisa. Ilipokauka kidogo nikatia maua, nikaiweka juu ya kimeza.

Jirani yetu, mama wa Kiborana aliyeuza mkaa, aliingia kesho yake saa nne kuniletea debe. Alisifu ukuta. Akanitania, "Bibi harusi, sasa unaishi kama mke wa waziri?" Halafu macho yake yakafika kwenye kimeza, na debe likamtoka mkononi.

"Subhanallahi! Hiyo ni gorfa ya nani?"

"Ya Mama. Nimeiosha."

"Umeiosha na nini?"

Nilipomwambia, alikaa chini kwenye mkaa uliomwagika, na kanzu yake nyeupe. Ndipo akanieleza, polepole, jinsi unavyomweleza mtoto aliyechezea kiberiti. Gorfa haioshwi kwa sabuni. Inasafishwa kwa moshi, miti maalum, miaka na miaka, na huo moshi ndio unaoshika maziwa yasiharibike. Hiyo ilisukwa na mama wa mama mkwe. Sabuni ikishaingia kwenye nyuzi, haitoki, maziwa yatakataa.

"Lakini haina maziwa," nikasema.

"Hujui alichoendea Merti?" akauliza. "Amebaki na ng'ombe mmoja, mtamba, kwa kaka yake. Ana mimba. Ameenda kungoja azae. Maziwa ya kwanza ndiyo alikuwa anayatayarishia hii gorfa. Akirudi hapa na maziwa, kitu cha kwanza ataulizia ni nini?"

Hapo nikayatoa maua ndani ya gorfa.

Siku tatu zilizofuata sikumbuki kama nilikula. Nilijaribu kuifukiza mwenyewe. Jirani alinipa kijiti cha mti unaotakiwa, nikawasha, nikatia, nikatikisa, nikafungua: harufu ya sabuni iliyoungua. Nikaanika juani, nikasugua kwa samli, nikafukiza tena, na mara hii nikaunguza mdomo wa gorfa upande mmoja. Nikaacha, maana kila nilipoigusa niliiharibu zaidi. Nikairudishia maua ili yafiche pale palipoungua. Akili ya mtu mwenye hofu ni upuuzi mtupu.

Mchana nilikaa mlangoni nikisikiliza malori. Kila lori lililoingia kutoka upande wa Merti, nilisimama kutazama anayeshuka. Likipita, naenda kupanga nguo zangu ndani ya sanduku. Halafu nazitoa. Nilifikiria kwenda Nanyuki, nikamkumbuka yule mwanamke na tabasamu lake. Nilifikiria kuitupa gorfa chooni na kusema imeibiwa.

Na niliomba. Hii sijawahi kumwambia mtu. Nilitandika mkeka adhuhuri, nikaswali, nikainua mikono, na nikamwambia Mungu waziwazi: asije na maziwa. Huyo ng'ombe asizae sasa. Maziwa yasiwepo, ili asiishushe hiyo gorfa. Niliomba hivyo siku mbili, kila swala, kwa machozi, na niliomba kwa moyo wangu wote.

Alikuja Jumatano, jua likiwa kichwani. Sikusikia lori. Nilisikia tu "Salaam aleikum" mlangoni, naye huyo hapo, vumbi mpaka kwenye kope, furushi dogo la nguo kwapani. Nilitazama mikono yake. Hakubeba kibuyu wala chupa.

Nilijibu salamu, nikampokea nguo, nikasimama katikati yake na kimeza. Alitazama kuta. Alitazama pazia.

"Hii ni nyumba ama ni zahanati?" akasema.

Sikuweza kucheka. Alinisogeza kando kwa mkono mmoja, si kwa nguvu, akaiona.

Alienda kuketi kitandani kwake na gorfa mapajani. Akatoa maua, moja moja, akayalaza kwenye blanketi. Akapitisha kidole pale palipoungua. Kisha akaingiza pua yake ndani, akavuta pumzi.

"Niliosha, Mama," nikasema. "Na sabuni. Sikujua. Wallahi sikujua. Nisamehe, usinirudishe, sina pa kwenda." Nilikuwa nimeshapiga magoti bila kukusudia.

Alinitazama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

"Kukurudisha wapi, intala?" Intala kwao ni binti, na hakuwahi kuniita hivyo. "Simama. Utachafua nguo na hiyo chokaa yako."

Sikusimama. Ndipo akasema, akiiambia gorfa zaidi kuliko mimi, "Alishindwa kuzaa. Siku mbili anasukuma. Tulivuta na kamba. Ndama alitoka amekufa, na yeye akafuata jioni."

"Lini?" nikauliza. Mungu anisamehe, nilitaka kujua siku.

"Jumapili."

Jumamosi na Jumapili ndizo nilizoomba.

Nilitamani anipige. Nilitamani achukue ile gorfa anirushie usoni na kunitupia sanduku nje, ningelibeba mwenyewe mpaka Nanyuki. Badala yake alichukua ua la kwanza, akalipangusa vumbi kwa upindo wa shuka lake, akalirudisha ndani. Akafuata la pili. Alipanga polepole, vibaya, yote yakaangukia upande mmoja, na hakuna aliyerekebisha.

"Hii maua yako," akasema, "inakunywa maji?"

"Hapana, Mama. Ni ya plastiki."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa jambo la maana.

"Afadhali," akasema. "Hiyo haitakufa na kiangazi."