Ngazi Nilizozifagia

Siku niliyoshika ufagio nikafuta mistari mitano ya mke wangu uani naikumbuka vizuri kuliko siku ya ndoa yangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Sikusema. Kaa hapo, mwanangu, wewe uliye na watoto wadogo nyumbani, nikueleze. Majuto ni mjukuu, wanasema, na wangu amekuja kukaa kwangu moja kwa moja.

Ilikuwa miaka ya vita. Hapa Kindu treni ilikuwa imenyamaza, boti hazipandi wala hazishuki mto Lualaba, na chumvi tuliionja kwa ncha ya kidole. Shule zilifungwa. Mimi nilikuwa karani wa reli asiye na reli, na mwalimu wa kwaya ya kanisa letu hapa mtaani Alunguli. Kusoma muziki, yaani solfeji, nilifundishwa sekondari, kwa fimbo, na nilijivunia jambo hilo kupita kiasi, kwa sababu tuliojua mjini tulikuwa wachache.

Binti yetu Sifa alikuwa na miaka minane. Hatukumruhusu kutoka nje ya ua kwa hofu ya askari. Mama yake, ambaye kabla ya kuolewa hakujua nota hata moja, aliniomba nimwonyeshe kidogo kidogo, kisha akafanya kitu ambacho mimi na cheti changu hatukukifikiria. Alichora uani, kwa majivu, mistari mitano mirefu, na chini yake kamstari kafupi.

"Haka njo kizingiti," aliwaambia Sifa na watoto wa jirani. "Do anasimama kwa kizingiti. Re anainama chini ya mustari wa kwanza. Mi amekanyaga mustari, sasa iko ndani ya nyumba."

Unajua, kwetu ngazi ni zile mbegu nyekundu za mawese. Katika kitabu changu, ngazi ni sauti zinazopanda kutoka do hadi do. Mke wangu alicheka akasema neno ni moja, basi na kitu kiwe kimoja. Alirusha ngazi juu ya mistari. Pale ilipoangukia, mtoto aliruka kwa mguu mmoja na kuimba sauti ya mahali pale. Akikosea, wenzake walimzomea: "Umeingia kwa nyumba ya watu! Utapigwa na bibi ya mwenye nyumba!" Naye alirudi kizingitini akicheka, akaanza upya. Haikupita miezi miwili Sifa akawa anasoma wimbo asioujua katika daftari langu, mara ya kwanza, kama mtu anavyosoma barua. Mimi nilitumia miaka mitatu kufika hapo. Labda hilo nalo liliniuma, sitakuficha.

Asubuhi moja akaingia Papa Kitenge, mzee wa kanisa, aliyekuwa amelipeleka jina langu ili niongoze kwaya zote za mji siku ya sikukuu. Aliwakuta watoto wakirukaruka, mmoja ameanguka kifudifudi juu ya fa, wengine wamejishika mbavu.

"Papa Sifa," alisema, "kumbe kwako solfeji inasomwa na miguu? Na majivu?"

"Ni watoto tu, mzee."

"Watoto njo kwaya ya kesho. Watu wanalia wafu wao, weye unachezea nota za Mungu kama mupira. Ufagie hii. Bakae kwa benchi, fimbo iwafundishe. Samaki mkunje angali mbichi."

Ningeweza kumwambia: msikilize huyu mtoto kwanza. Ningemwita Sifa asome ukurasa mmoja tu. Lakini niliona jina langu likifutwa katika orodha, nikauchukua ufagio. Nilifagia mimi mwenyewe, mbele ya watoto, na ngazi zikaenda kwa kuku. Mke wangu alisimama mlangoni mpaka mgeni alipoondoka.

"Vita ilichukua shule," aliniambia. "Ilichukua treni. Hii, vita haikuichukua. Njo weye umeichukua."

Niliweka benchi, nikaweka ubao, nikashika rula. Kila nota iliyokosewa ilikuwa na pigo lake juu ya vidole. Watoto wa jirani waliacha kuja baada ya siku tatu. Sifa hakuwa na pa kwenda.

Sikukuu ikafika. Sifa ndiye aliyepaswa kuanza kuimba peke yake. Kanisa limejaa, wazee mbele, Papa Kitenge amevaa koti lake la zamani. Niliinua mkono wa kulia kumpa mwanzo, kama mwongozaji yeyote anavyofanya. Sifa hakuutazama mkono kama ishara. Aliangusha karatasi na kuficha vidole vyake nyuma ya mgongo.

Kanisa zima liliona. Nyuma mtu mmoja alisema, bila hata kunong'ona: "Eh, mwalimu, nyimbo zako zinauma?" Watu wakacheka. Mama yake akaja mbele, akamshika bega, akatoka naye nje.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nililisikia, mwanangu, na guu lililovunjika lilikuwa la mtoto. Wala usimlaumu Papa Kitenge. Yeye alisema maneno. Mkono ulikuwa wangu.

Basi ukitaka wanao wasome muziki, chora mistari chini, waikanyage. Wacheke nota wanapoikosea, ili kesho waitafute tena. Ruka nao, hata kama magoti yanalia na jirani anachungulia. Mgeni akija kukwambia elimu haichezwi, mpe kiti, mpe maji, mheshimu sana, na usimpe ufagio. Na kama umekwisha kukosea, omba radhi mapema, mtoto akiwa bado mdogo. Mimi nilingoja mpaka akawa mama wa watu.

Mungu akupe nyumba yenye kelele za watoto, na masikio ya kuzivumilia. Akupe ulimi mwepesi wa kusema hapana kwa wakubwa wanaokosea. Amina.

Sifa sasa anaishi Kailo, ana watoto wanne. Mwaka jana niliwapelekea daftari la nyimbo. Alilifunga taratibu, akanirudishia: "Baba, kwangu hapana." Tangu siku ile ya sikukuu hajaimba tena, hata kwenye mazishi ya mama yake. Wajukuu wangu hawajui kusoma nota hata moja, na binti yangu nikiinua mkono kumsalimu, bado anarudi nyuma hatua moja.