Chelangat Alijua Maji Yanakogeukia

Harufu ya mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, hunirudisha nyumbani Kaplong, mwaka ule niliomwonea wivu Chelangat.

Alikuwa binti wa baba mdogo, aliyefanya kazi Mombasa. Baba mdogo alipofariki, Chelangat aliletwa kwetu, akapewa nusu ya kitanda changu na, kwa macho yangu, moyo wote wa Kogo, nyanya yetu. Kiswahili chake kilitiririka. Changu kilijikwaa.

Mvua ndefu ilipofika, mto ulio chini ya shamba letu la majani chai ulifurika, ukabeba kibuyu ambacho Kogo aliachiwa na mama yake. Kogo alikaa mlangoni, akakataa hata chai. Baba na majirani waliufuata mto hadi mbali, wakarudi mikono mitupu.

"Mlikipita, baba mkubwa," Chelangat alisema polepole. "Angalieni nyuma ya kile kisiwa kidogo, pale kimejikunja kama kiwiko. Maji yakifika kwenye ncha yanaenda mbio, lakini nyuma yake yanazunguka, yanaacha yalichobeba. Hata Mombasa, takataka zinajaa pale ufuo umeingia ndani."

Tulienda. Kulikuwa na chupa za plastiki, matawi na ndara moja, na katikati yake kibuyu, kizima. Baba alicheka mpaka akakohoa. Jioni, Kogo alimpa Chelangat kikombe cha kwanza cha mursik, ambacho siku zote kilikuwa changu.

"Huyu mtoto ako na macho," akasema.

Mimi nilizaliwa kando ya mto ule, na hakuna aliyeniuliza kitu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba Chelangat hakufurahi. Sisi tukipekua takataka, yeye alikaa mbali, ametupa mgongo. Nikayaita maringo.

Nilikuwa mtu mzima nilipomtembelea Mombasa, alikorudi kufanya kazi. Alinipeleka kwenye ghuba ndogo iliyojaa chupa na vipande vya mbao.

"Baba alianguka majini kule mbele," akaniambia. "Wavuvi wakasema tungoje hapa. Tulikuja kila maji yakijaa."

"Mlimpata?"

"Mimi ndiye nilimwona kwanza."

Nyumbani tuliambiwa tu kwamba baba mdogo alifia kazini. Miaka yote hiyo nilitamani kujua alichokijua Chelangat. Nilimshika mkono, tukakaa pale mpaka maji yakapwa.