Spika ya Kushoto

Ukitaka kumuuzia Wasiwasi kitu, jiandae kwa maswali ambayo hata baba mkwe hakukuuliza siku ya posa. Ataingia sebuleni kwako, atakataa kiti, atapokea maji asiyanywe, na kabla hajagusa spika zenyewe atakuuliza, "Kwa nini unaziuza?" Ukisema unahama, atataka kujua unahamia wapi na kwa nini huko hakuna nafasi. Ukisema zilikuwa za marehemu baba yako, atakupa pole, na pole itakuwa ya kweli kabisa, lakini macho yatakuwa kwenye skrubu za nyuma. Skrubu yenye michubuko imefunguliwa. Iliyofunguliwa ina sababu. Na sababu, kwa akili ya Wasiwasi, haiwezi kuwa nzuri.

Jina hilo alipewa na mtaa naye hakulikataa. "Wasiwasi ndio akili," alizoea kusema, huku akibonyeza koni ya spika kwa ncha za vidole, taratibu, akisikiliza kama kuna kinachokwaruza ndani. Kisha alinusa mgongo wa amplifaya, kwa sababu transfoma iliyowahi kuungua hunuka hata baada ya miaka. Hapo ndipo alipotaja bei yake, na mwenye mali akacheka kwanza, halafu akanuna, halafu akakubali.

Alikuwa akinunua spika za zamani, zile kubwa za mbao, pamoja na amplifaya za taa. Ndani ya amplifaya hizo mna taa za kioo ambazo ni lazima zipate moto kwanza, ziwake rangi ya chungwa, ndipo muziki utoke. Sauti yake ni tamu, lakini nguvu zake ni chache. Ukiifunga kwenye spika nzito, inahema kama mtu anayepandisha kabati ngazini. Kwa hiyo kazi ya Wasiwasi haikuwa kuuza tu, ilikuwa kujua nani amfaa nani. "Mimi ni mshenga," aliwaambia wateja. "Tofauti yangu na washenga wengine ni kwamba niliowaoza mimi hawaachani."

Duka lilikuwa vyumba viwili. Cha mbele alikaa mkewe na cherehani yake, akishona nguo za watu na vitambaa vya kufunika nyuso za spika. Cha ndani kilikuwa na rafu, meza ya fundi upande wa dirisha, na kiti kimoja cha mikono katikati, kimeelekezwa ukutani ambako spika zilisimamishwa. Fundi alikuwa mdogo wa mkewe, mtu wa maneno machache mwenye vidole vilivyojaa makovu ya kuchomelea waya. Wasiwasi alimwita Shemeji, na mtaa mzima nao ukamwita Shemeji, hata wale ambao hawakuoa dada yake.

Sheria ya duka ilikuwa moja. Hakuna spika na amplifaya zilizotoka pamoja mpaka Wasiwasi azisikilize peke yake, ameketi kwenye kile kiti, macho amefumba. Alipiga sahani ileile ya santuri siku zote: mwanamke anaimba, gitaa linamsindikiza. Ilirekodiwa vizuri kiasi kwamba sauti ya yule mwanamke haikutoka kwenye spika hii wala ile. Ilisimama katikati, kama vile yumo chumbani. Yule mwanamke akisimama katikati kabisa, Wasiwasi alifumbua macho na kusema, "Wameelewana." Basi mteja anaitwa siku nyingine aje achukue. Hakuna mwingine aliyekaa kwenye kiti hicho, hata mke aliyekishonea foronya.

Sasa, mwaka huo wasiwasi ulimzidi mwenyewe. Aliona watu wameanza kunong'ona. Shemeji akisema jambo kutoka kule mezani, yeye alipata mkia wa sentensi tu. Mkewe na nduguye wakicheka chumba cha mbele, alipoingia alikuta kicheko kimekwisha, au ndivyo alivyoona. Kisha kulikuwa na skrubu. Amplifaya ambazo Shemeji alikuwa amezifunga, na yeye Wasiwasi amezikagua na kuzisikiliza kwa mikono na masikio yake, siku ya pili zilikuwa na michubuko mipya. Mtu alikuwa anazifungua. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyu bwana hakuwa ameumwa hata na siafu, alishtuka tu, akanyamaza, akaanza kuchunga.

Mambo yaliiva siku alipokuja mwalimu wa kwaya. Alikuwa ameagiza spika ndefu za mbao nyekundu na amplifaya yake, na Shemeji alikuwa ndiyo kwanza amekaza skrubu ya mwisho.

"Nimepita tu," alisema mwalimu. "Nasafiri kesho. Tusikilize wote leo leo, nikipenda nibebe."

"Leo?" Shemeji aliinua kichwa haraka. "Si tulisema wiki ijayo, mwalimu? Bado hata bosi hajasikiliza."

Wasiwasi aliuona mshtuko ule. Akauweka moyoni.

Taa zilipata moto. Aliketi, akafumba macho, sahani ikaanza. Yule mwanamke hakuwa katikati. Alikuwa kulia, mbali kabisa, kama mtu aliyeambiwa asogee apishe. Spika ya kushoto ilikuwa inasikika kwa shida.

"Bado hawajaelewana," alisema Wasiwasi akiinuka. "Kushoto pamelala."

Mwalimu, asiyejua sheria ya kiti, akakaa. Alisikiliza wimbo hadi mwisho, kidole kikipiga tempo gotini. "Mbona safi?" alisema. "Mama yuko hapa mbele yangu. Mimi kazi yangu ni kusikia nani katoka kwenye mstari, na huyu hajatoka."

Wasiwasi alimtazama mwalimu, akamtazama Shemeji, akaona wote wawili ni kitu kimoja. Alimwambia mwalimu hauzi mali mbovu, arudi akitoka safari. Mwalimu akaondoka amekunja uso.

"Taa za kushoto umeweka zipi?" Wasiwasi aliuliza mlango ulipofungwa.

"Zilezile tulizozipima."

"Maandishi yamefutika kwenye kioo. Nitajuaje ni zilezile?"

"Si nakwambia, shemeji."

"Nimeziona skrubu."

Shemeji aliweka bisibisi mezani. Hakuuliza skrubu zipi, na hilo lilimkera Wasiwasi kuliko jibu lolote.

"Nikitoka, unafungua amplifaya zangu. Unatoa taa nzuri za zamani, unachomeka takataka. Unamuuzia nani?"

Mke alikuwa amefika mlangoni, futi ya kupimia shingoni. Shemeji alimtazama dada yake, kisha akatazama sakafu. "Kufungua, nafungua," alisema. "Kuiba, sijaiba."

"Unafungua kufanya nini?"

Shemeji alifunga vifaa vyake kimoja kimoja kwenye kitambaa, bila haraka, akamuaga dada yake, akatoka.

"Umemfukuza ndugu yangu kwa ajili ya taa?" mke aliuliza.

"Kikulacho ki nguoni mwako."

"Basi na mimi ni nguo hiyohiyo," alisema mke, akarudi kwenye cherehani, na jioni hiyo Wasiwasi alijipakulia chakula mwenyewe.

Kesho yake alifunga duka ili apate ushahidi. Kutafuta ubovu wa namna hii kuna njia moja, na kila mtu wa kazi hiyo anaijua: unabadilishana vitu, cha kulia kiende kushoto, cha kushoto kije kulia, na ubovu utamfuata mwenye makosa. Alihamisha taa. Kushoto kukabaki kumelala. Hazikuwa taa, basi, na hapo angeweza kumpigia Shemeji simu akaomba radhi, lakini moyo wa mshuku hauachi mfupa kirahisi. Huenda kachezea kitu kingine ndani. Alihamisha waya. Kushoto. Alizibeba spika zenyewe, nzito kama magunia, mgongo ukalia, akazipanga upya. Kushoto vilevile. Alileta amplifaya nyingine kabisa kutoka rafuni. Kushoto. Akaushuku ukuta, akageuza chumba kizima kikatazama dirisha, akasukuma na kiti. Kushoto, kushoto, kushoto!

Alimwita mkewe. "Kaa hapa. Mwimbaji yuko wapi?"

Mke alikaa kwenye kiti kilekile alichokatazwa miaka yote. "Katikati," alisema.

"Unamtetea ndugu yako."

"Kama ulishajua jibu, umeniitia nini?" Aliinuka, akamwacha.

Kwa hasira Wasiwasi alisimama mbele ya kiti, akazipa spika mgongo, akitaka kumjibu mkewe aliyekuwa amekwishafika mlangoni. Muziki ulikuwa bado unapigwa, na spika iliyolala sasa ilikuwa ile nyingine. Aligeuka akazitazama. Ikalala ya kushoto. Akazipa mgongo. Ikalala ya kulia. Aligeuka tena, akageuka tena, mtu mzima na mvi zake, kama mtoto anayetafuta kizunguzungu.

"Unacheza?" mke aliuliza.

Aliziba sikio la kulia kwa kidole. Yule mwanamke alitoweka chumbani. Akabaki mtu anayeimba nyumba ya tatu kutoka hapo, madirisha yamefungwa. Ubovu ulikuwa umemfuata mwenye nao.

Aliogopa. Nyumba, cherehani, karo za watoto mpaka walipomaliza shule, vyote vilitoka kwenye masikio mawili, na moja lilikuwa limekufa bila hata kuaga. Mshenga asiyesikia nani atampa kazi? Akakaa kwenye kiti chake.

"Umeupata ubovu?" mke aliuliza.

"Waya," alisema Wasiwasi. Waya ni kitu kizuri kusingizia, hauna dada wa kuutetea.

"Kwa hiyo ndugu yangu hakuiba."

"Hakuiba."

"Basi nenda kamwambie mwenyewe. Mimi si tarishi wako."

Alikwenda kwa miguu, na njia nzima aliutengeneza uongo wake. Ulikuwa uongo mzuri. Kwa uongo ule, Shemeji angerudi mezani kwake, mke angepakua chakula, mwalimu angechukua spika zake, na hakuna ambaye angejua. Ila angehitaji kuendelea kukaa kwenye kile kiti na kusema "wameelewana" bila kujua. Yeye, aliyewaita wauzaji wote wa dunia waongo!

Alimkuta Shemeji barazani kwake, naye Shemeji akamvutia kigoda, akaketi pembeni yake. Hakuonyesha kinyongo, na Wasiwasi akatamani angeonyesha.

"Nimekukosea," Wasiwasi alianza. "Taa ni zilezile. Ulikuwa waya."

"Waya upi?" Shemeji aliuliza taratibu.

Wasiwasi alifungua kinywa autaje, akashindwa.

"Si waya," alisema hatimaye. "Ni sikio langu. La kushoto halisikii."

Alisubiri mshangao. Haukuja.

"Najua," alisema Shemeji.

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Nilikuwa nakuita kutoka mezani huitiki, nikija upande wa pili unaitika. Kisha ukaanza kukataa amplifaya nzima, unasema kushoto pamelala. Nikajua tutafunga duka." Alitazama makovu ya vidole vyake. "Mle ndani kila upande una kidude cha kurekebishia nguvu yake. Kabla hujakaa kitini nilikuwa naongeza cha kushoto ili uridhike. Ukishasema wameelewana, nafungua tena ukishatoka, nakirudisha sawasawa, ndipo mteja anachukua. Jana mwalimu alitukuta vibaya. Ningeongeza, angesikia yeye. Nisingeongeza, ungesikia wewe."

Kwa hiyo skrubu zilifunguliwa kweli. Alikuwa ameshuku sawasawa, mkono uleule, amplifaya zilezile. Aibu ilimpanda mpaka macho yakalowa, na aliyafuta waziwazi.

"Na jana nilipokuita mwizi, mbona hukusema?"

"Mbele ya dada? Aibu ile ilikuwa yako, si yangu kuitangaza."

"Na huu mwaka mzima? Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, shemeji, ungeniamini?"

Wasiwasi alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Aliliangalia, kama alivyoangalia mali ya mtu, na akaona kwamba si zima.

"Nisingekuamini," alisema. "Ningesema unakitaka kiti changu."

Shemeji alicheka kidogo, akasema kitu kingine kwa sauti ya chini. Alikuwa ameketi upande wa kushoto, na Wasiwasi aliona midomo tu ikitembea. Jana angekwenda nyumbani na midomo ile, akaitafsiri usiku kucha.

"Sijakusikia," alisema. "Njoo huku, useme tena."