Wimbo wa Dada Yangu Mdogo Nimeuimba Kama Wangu

Admin, ukiweka hii tafadhali ficha jina langu, watu wengi wa Nkubu wanakufuata na wananijua.

Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 38, mwalimu wa chekechea. Tangu nikiwa msichana natunga nyimbo za kwaya. Sijawahi kupata jina kubwa, lakini kanisani kwetu mtu akisema "mtunzi" anamaanisha mimi. Hicho ndicho kitu pekee nilicho nacho ambacho wengine hawana.

Shida yangu ni dada yangu mdogo, nitamwita Kagendo. Ana miaka 27, ameolewa Karurumo huko Embu, na kazi yake ni kushona nguo. Gitaa nilimfundisha mimi. Lakini mimi huhangaika na ubeti mmoja wiki mbili, naandika nafuta, na yeye anashona sare za shule huku akiimba pole pole, ikifika jioni wimbo uko tayari. Nilipogundua hivyo, wivu uliniingia na haujawahi kutoka.

Mwaka jana, baada ya kumzika mama, alikuja kwangu akanichezea wimbo aliotunga kwa Kimeru. Ulihusu vile mama alikuwa akisimama kwenye shamba la kahawa jioni na kutuita kwa majina, mmoja mmoja, mpaka wote tuingie nyumbani. Ubeti wa mwisho ni sisi tunamwita yeye. Nilikuwa nakata sukuma wiki. Niligeukia ukuta asione machozi yangu.

Akaniuliza, "Dada, unaonaje? Niambie tu ukweli."

Nikamwambia, "Kagendo, hapana. Huo ni wimbo wa kitoto. Ukiuimba mbele ya watu utatuaibisha."

Hakubishana. Alisema, "Sawa, wewe ndiye unajua." Akaacha karatasi aliyoandikia wimbo mezani, akaenda. Baadaye mume wake akanipigia simu, akasema Kagendo amempa jirani gitaa na hataki tena habari ya kuimba. Kwa simu nilisema pole. Nilipokata, nilipumua kama mtu ametua mzigo. Naandika haya nikiona aibu.

Mwaka huu kwaya ikahitaji wimbo mpya wa ibada ya kuwakumbuka marehemu. Nilijaribu, yakatoka maneno makavu. Ndiyo nikatoa ile karatasi. Nilijiambia nitabadilisha hapa na pale, lakini sikupata pa kubadilisha. Tulipouimba, wazee kwa vijana walilia. Mchungaji akanishika mkono, "Mwalimu, hujawahi kutunga kama leo." Nikasema asante.

Sikujua Kagendo amekuja. Nilimwona mlangoni, mtoto mgongoni, nikajua nimekwisha. Akanikumbatia akilia. "Dada, kumbe umeurekebisha! Sasa ndiyo naona tofauti ya mtu anayejua na sisi wa kujaribu."

Kwa sauti nne za kwaya ulimfikia kama wimbo mwingine. Sikuwa nimegusa hata neno moja.

Wiki iliyopita amenitumia daftari lake lote, nyimbo kumi na tisa. Ameandika juu: "Zirekebishe kama ule wa mama. Jina langu si lazima." Nimezisoma zote nikitafuta mbaya hata moja, nikakosa. Na kwaya sasa wanataka turekodi, wananiuliza nina nyimbo ngapi.

Nikisema ukweli, hapa Nkubu nitaitwa mwizi, tena wa dada yangu mwenyewe. Nikinyamaza, yeye atazeeka kwa cherehani akiamini hana kipaji, na aliyemwambia hivyo ni mimi. Na mbaya zaidi ni kwamba hata sasa nikiwa na daftari lake mapajani, siwezi kumfurahia. Bado namwonea wivu.

Anakuja Jumamosi. Nishaurini jamani, hasa nyinyi mlio na dada mkubwa: kama angewafanyia hivi, mngetaka aanze na neno gani?