Birika la Bibi na Waya Mbili za Babu

Ukitaka babu yangu akutimue karakanani, mwite mpaka rangi. Alikuwa fundi wa kutia nikeli: vijiko, kengele za baiskeli, komeo za milango, hata tarumbeta la bendi ya shule lililokuwa limepauka kama kisigino. "Rangi inakaa juu ya chuma kama mgeni asiyevua viatu," alikuwa akisema. "Nikeli inahamia."

Karakana ilikuwa chumba cha nyuma, kikitenganishwa na jiko la bibi kwa ukuta mwembamba. Mle kulikuwa na beseni refu la maji ya kijani, vipande vya nikeli vikining'inia pembeni, na mashine ya umeme iliyonguruma kama mzee aliyeshiba. Hadi leo nikipita karibu na fundi wa betri za magari, pua inanirudisha pale kabla sijajua nini kimetokea.

Mteja asiye na haraka alipewa somo. Mwenye haraka alipewa refu zaidi.

"Atomu ni nyumba. Katikati, kwenye kiini, zimekaa protoni. Zina chaji chanya, na hazitoki hata paa liungue. Nje zinazunguka elektroni, chaji hasi, hao ndio wazururaji wetu. Idadi ikilingana, chanya na hasi zinafutana, nyumba imetulia, haina chaji. Sasa, nikeli iliyomo kwenye haya maji imepoteza elektroni mbili. Protoni zimezidi, imekuwa chanya, ina njaa! Nafunga kijiko kwenye waya nyeusi, mashine inakijaza elektroni. Nikeli inakimbilia pale, inapata mbili zake, inarudi kuwa chuma, inajilaza juu ya kijiko. Ndoa hiyo."

"Na ukigeuza waya, fundi?"

"Kijiko kinanyang'anywa elektroni. Atomu zake zinakuwa chanya, zinahamia majini. Unarudi nyumbani na mpini."

Mtihani pekee niliofaulu chuoni bila kufunga na kuomba ulikuwa wa habari hizo.

Kisha macho ya babu yakaanza kumwacha. Mtoto wa jicho, walisema. Katika chumba kile chenye taa moja hafifu, waya nyekundu na nyeusi kwake zikawa ndugu. Baba yangu akaja Jumapili moja akiwa amevaa uso wa mkutano.

"Mzee, funga karakana. Utaharibu mali za watu."

"Nikifunga nitakuwa nani?"

"Utakuwa mzee anayepumzika."

"Hiyo ni kazi gani, mwanangu?"

Aliyejibu ni bibi, aliyetokea jikoni kabeba birika la shaba alilorithi kwa mama yake. Nikeli yake ilikuwa imekwisha zamani, lakini hakuwahi kuruhusu mtu aliguse. Alisema mafundi wote ni waharibifu, na mumewe hakumtoa humo. Akalitua mezani.

"Tia nikeli. Huyu akae aangalie."

"Likiharibika, Mama?"

"Likiharibika, mtafunga karakana na mimi sitasema neno."

"Nimesikia," baba akasema, akavuta kiti.

Babu alilisugua birika, akaliosha, akalishusha majini taratibu kama anayemwogesha mtoto mchanga. Akashika vibanio viwili vya waya, akavipapasa, akavisogeza karibu na pua. Nyekundu akaibana kwenye birika, nyeusi kwenye vipande vya nikeli.

Nikafungua mdomo. Bibi akanitazama, nikaufunga. Akasogea pale polepole, akafungua vibanio vyote viwili na kuvibadilisha kama anayepanga vikombe.

"Mama, unafanya nini hapo?"

"Kazi yangu. Yeye anabana, mimi nakagua."

"Tangu lini?"

"Kabla hujazaliwa. Ulitaka tukuombe ruhusa ukiwa tumboni?"

Uongo mtupu! Hakuwahi kugusa vile vibanio maishani. Ila masomo yote ya babu yalikuwa yamepita kwenye ule ukuta, yeye akiwa anakatakata vitunguu.

Babu alisimama kidogo, kidole kikiwa juu ya swichi. Kisha akawasha. Mashine ikanguruma. Baba akachezea simu, mimi nikahesabu mapovu. Birika lilipotoka lilikuwa jeupe kiasi kwamba tulimwona baba ndani yake, kanuna, pua imejaa ubavu mzima. Akaaga bila kutaja neno kufunga.

Babu alingoja hatua za mwanawe zipotelee nje.

"Niligeuza?"

"Uligeuza."

"Lingeliwa?"

"Ningebaki na kifuniko."

Akacheka, kisha akakaa chini na kupangusa mikono kwenye kitambaa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. Bibi akachukua birika lake kwenda jikoni.

"Mama watoto," babu akamwita kabla hajafika mlangoni. "Kesho kuna komeo za watu. Uje mapema."