Maranda Mapya Juu

Harufu ya mbao inayopigwa randa hunirudisha kwetu Riruta, na hunirudisha siku moja tu: Jumanne, wiki ya pili ya likizo ya Agosti, saa moja na nusu asubuhi. Nilikuwa na miaka kumi. Mama aliniita kutoka ndani kwa sauti ya chini. Nilipoingia nilimkuta amempakata ndugu yangu Simiyu, wa miezi kumi na mmoja, mtoto ambaye siku zote ulikuwa huwezi kumshika akatulia. Siku hiyo alikuwa ametulia. Midomo ilikuwa mikavu, macho yameingia ndani, na alilia bila machozi.

Alikuwa akihara tangu Jumapili. Mama Njeri wa mlango wa pili alikuja na kikombe chake cha chai mkononi, akampanua Simiyu mdomo kwa kidole.

"Hayo ni meno, Mama Nekesa. Wangu alihara wiki mzima, halafu akatoa mawili mara moja."

"Na hii kulegea?"

"Meno tu. Wewe unapenda kujitia wasiwasi."

Mama alichukua leso, akamfunga mtoto mgongoni, akaniambia nivae viatu twende kliniki. Nilivivaa nikijua jambo ambalo wao hawakulijua. Kama wewe pia ni mtu wa haya, utanielewa: nilikuwa nalo tangu Jumapili, na kila nilipotaka kulisema nilishika kazi nyingine.

Acha nikueleze. Tulifuga kuku nyuma ya ploti tulimopanga chumba, karibu na bafu, kwenye banda la mabati makuukuu na waya. Mwenye ploti aliwakubali kwa sharti moja, kwamba wasinuke. Kwa hivyo kwetu usafi wa banda ulipimwa kwa pua. Mama alikuwa akifua nguo kwa familia moja kule Spring Valley, na wakati wa likizo niliachiwa mtoto na banda. Kila asubuhi nilitakiwa kukwangua kinyesi hadi kwenye sakafu, nikitupe shimoni, ndipo nimwage maranda makavu tuliyopewa na fundi wa vitanda. Lakini kukwangua kulinichosha mgongo, na nilikuwa nimegundua njia yangu. Ukimwaga maranda mapya juu ya yale ya zamani, harufu inakufa papo hapo na banda linapendeza kama limetengenezewa wageni. Kila jioni mama alisimama mlangoni mwa banda, akavuta pumzi, akasema, "Asante, mama yangu." Nilizipenda sana hizo asante. Nilikuwa nimemaliza wiki nzima ya likizo bila kuiona sakafu.

Na kulikuwa na jingine. Simiyu aliwapenda vifaranga kuliko hata kunyonya. Akianza kulia nilimkalisha humo bandani, juu ya maranda yangu mapya, nami nikakaa nje na daftari langu nikiandika. Alichimba kwa mikono miwili, akacheka peke yake, akatia mdomoni alichokipata. Niliandika kurasa nyingi siku hizo. Sasa niko kidato cha tatu na bado ninazo, na hakuna hata moja inayomtaja.

Kliniki tulikuta foleni, lakini sista mmoja, muuguzi mnene mwenye sweta ya buluu, alimwona Simiyu akatuvuta mbele. Alibana ngozi ya tumbo lake, akaitazama ikirudi polepole.

"Huyu anacheza wapi?"

"Ndani," mama alisema. "Nimemwekea mkeka."

Sista akanigeukia. "Ni wewe unabaki naye?"

Niliangalia viatu vyangu.

"Nakuuliza wewe, mama mdogo. Anacheza wapi?"

"Kwa kuku."

"Nje wakipita, ama ndani kwa nyumba yao?"

Simiyu alikuwa ameacha hata kulia. Nafikiri hilo ndilo lililonifungua mdomo.

"Ndani. Anakula chakula yao. Na huko chini sijatoa uchafu. Nimekuwa nikifunika."

Nilihisi mama akinitazama. Sikuinua macho.

"Jirani alisema ni meno," mama akasema.

"Meno yanamfanya atafute kitu ya kuuma. Kuhara kunatoka kwa hiyo kitu ameokota."

Alituletea jagi la maji yaliyochemshwa, akayachanganya na pakiti ya unga wenye chumvi na sukari, akatukabidhi kijiko. Kijiko kimoja, ngoja kidogo, kingine. Akitapika, mpumzishe, anza tena. Tulipokezana, mama na mimi. Nilitazama koo dogo la Simiyu kila lilipomeza, nikiahidi mambo mengi moyoni. Karibu saa saba mama aliingiza mkono chini ya nepi, akakaa hivyo kidogo.

"Amekojoa," akasema.

Mwanamke aliyekuwa kando yetu akacheka. "Sasa huyo mnarudi naye nyumbani."

Tulirudi naye jioni, akivuta nywele za mama. Mama alimlaza, akachukua jembe akaenda nyuma. Alipopiga pigo la kwanza bandani, ule uchafu ulikatika kwa matabaka, jeupe, jeusi, jeupe, jeusi.

"Nekesa, hii ni banda ama ni keki ya harusi?"

Nilisubiri kuchapwa. Hata nilitaka. Yeye alisimama tu ameegemea jembe, halafu akasema kama anayejisemea, "Na mimi nilikuwa nanusa tu." Kwa miaka mingi nilidhani alikuwa amechoka mno kunipiga. Baadaye ndipo nilielewa kwamba alikuwa amejigawia kosa. Alikuwa amempa mtoto wa miaka kumi kazi ya mtu mzima, akaikagua kutoka mlangoni, kwa kipimo cha mwenye ploti, ambaye hakuwa na mtoto anayetambaa.

Jumatano asubuhi niliamka kabla yake. Niliwatoa kuku, nikakwangua hadi simiti ikaonekana, nikabeba uchafu shimoni gunia baada ya gunia. Nilisugua kwa maji na sabuni, nikaacha wazi pakauke, nikafunga mlango kwa waya mahali ambapo Simiyu hangefika. Ndala nilizovaa niliziacha hapo hapo nje. Kisha nikanawa mikono hadi kwenye viwiko.

Mama alikuja tayari amevaa sweta ya kazi, mtoto begani. Safari hii alifungua mlango, akainama, akaingia hadi pembeni kabisa, akapitisha kiganja sakafuni. Alipotoka alienda bombani akanawa. Nilimwonyesha mikono yangu, pande zote mbili, lakini hakuiangalia. Alimweka Simiyu mikononi humo humo, akaenda kazini Spring Valley.