Kiti cha Wateja

Mtaani walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na swichi ya kumzima. Alikuwa kinyozi, mkewe alishona nguo chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa mbao, kwa hiyo kila hadithi aliisikia mara mbili: ikitoka saluni, na tena mezani ikiwa imenenepa.

Zahanati ndiyo iliyomfuata. Wanaume wa pale hawakukanyaga zahanati ila kwa kubebwa, lakini kunyoa walinyoa. Basi wakaungana washirika wanne: zahanati imfundishe kinyozi kupima presha, duka la dawa lipunguze bei ya vidonge, wenye malori wanunue mashine ya kupimia, maana presha iliwaangusha madereva njiani, nao walichoka kupoteza malori, na pengine hata madereva. Kinyozi alitoa kiti na mdomo. Mashine ikafungwa kwa mnyororo kwenye mkono wa kiti, isije ikapata miguu.

Mpango ukafanya kazi, jambo lililowashangaza hasa walioupanga.

"Shemeji, nyosha mkono," alimwambia kaka wa mkewe, dereva. Akasoma, akaweka mkasi chini. "Hiyo si presha, ni namba ya gari. Nenda zahanati sasa hivi."

"Na nusu ya kichwa?"

"Utarudi nikumalizie, ukiwa bado unacho."

Shemeji alikwenda. Yuko hai.

"Na wewe, baba watoto?" mkewe aliuliza. "Kichwa kinakuuma kila siku."

"Kinyozi akikalia kiti cha wateja, anajifukuzia wateja." Vinyozi wote waliamini hivyo, yeye hata usingizi aliulala kwenye benchi, kiti kikiwa kitupu.

"Basi jipime umesimama."

"Haisomi vizuri. Tumefundishwa."

Muuguzi alipokuja kukagua, naye alimuuliza. "Mimi?" kinyozi akashangaa. "Mimi ni mshirika." Muuguzi akacheka, akaenda zake.

Asubuhi moja, katikati ya hadithi, sauti ilikatika. Mkewe aliacha cherehani ikizunguka, akakimbia. Mteja, povu bado shavuni, alisaidia kumwinua, wakamweka palipokuwa karibu: kwenye kile kiti. Mashine ilihangaika kutafuta namba, ikakosa.

Washirika wote walikuja kuzika, kwa gari moja.

Sasa saluni hiyo amepangishwa kinyozi mwingine, kijana. Mjane aliweka sharti moja tu. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, kijana wa watu hukaa pale kwenye ncha ya kiti, kama aliyewekewa kaa la moto.

"Mama, utanifukuzia wateja."

"Nyosha mkono."